Pale Sumaku Ilipoanguka

Nilikwenda mnadani na sumaku mfukoni. Ni ile ya kubandikia karatasi kwenye friji, ina picha ya twiga, na nilikuwa nimeivika kipande cha soksi isije ikakwaruza rangi ya mtu. Ujanja huo nilifundishwa na fundi bodi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye kila likizo ya shule alinigeuza mashine yake ya msasa. Gari likiletwa linameremeta, mwenyewe akiapa halijawahi kugongwa, fundi hakuwa na maneno. Alitoa sumaku, akaipitisha mlangoni, kwenye madigadi, chini kwenye vizingiti. Ikishika, chini ya rangi kuna chuma. Ikiteleza, chini ya rangi kuna puti, na mwenye gari ana maelezo ya kutoa.

Mnada wenyewe ni wa Barrett-Jackson, hapa Scottsdale, mji ulioshikana na Phoenix katika jangwa la Arizona. Ulianza mwaka 1971. Kila Januari mahema makubwa husimamishwa, magari huja kwa mamia, na mengi huuzwa bila bei ya chini: dola ya mwisho kutajwa ndiyo inayolichukua gari, mwenye mali acheke au alie. Unapishana na Mustang za 1965, Camaro za 1969, Chevrolet Bel Air za 1957 zilizoota mapezi nyuma, Cadillac ndefu kama jahazi. Mengine yamerudishwa yalivyotoka kiwandani, hadi alama za chaki ambazo wakaguzi wa kiwanda walizichora chini ya bodi na ambazo sasa mtu amelala chali akazichora upya, kwa mwandiko uleule wa haraka. Mengine yamebakizwa sura tu. Ukifungua boneti unakutana na karne nyingine.

Kabla ya kupanda jukwaani magari huachwa wazi watu wayakague. Ndipo nikafika kwenye Mercury ya 1950, ya rangi ya zambarau iliyoiva, imelala chini, paa limeshushwa hadi madirisha yamekuwa kama macho ya mtu anayesinzia. Mwenye gari, mzee mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu, alikuwa kwenye kiti cha kukunja pembeni. Nikaomba ruhusa. Akaitazama soksi yangu, akacheka, akanionyesha kwa mkono niendelee. Mlangoni, sumaku ikashika. Kwenye madigadi, ikashika. Kwenye kona ya nyuma, pale paa linaposhuka na kukutana na bega la gari, ikaanguka kiganjani mwangu.

Nilifurahi, nakiri. Kumkamata mtu mwenye gari zuri kuna raha yake ya aibu.

"Si puti hiyo," mzee akasema, bila kuinuka. "Ni risasi. Sumaku yako haiwezi kuzitofautisha."

Alikuwa sahihi, na mimi nilipaswa kulijua hilo. Sumaku hushika chuma. Risasi na bati haivishiki, kama vile isivyoshika puti. Chombo nilichokiamini tangu utotoni kilikuwa kinawaweka kapu moja watu wawili ambao hawafai hata kukaa meza moja: fundi mvivu anayejaza bonde apate kumaliza siku, na fundi ambaye amekwisha kufanya kila kinachowezekana kwa nyundo na akabaki na milimita 2 ambazo nyundo haizifikii.

Ili ujue risasi ile ilifikaje pale, inabidi ukate paa la gari.

Mercury ya 1949 ilikuwa ya umbo jipya kabisa, kati ya magari ya kwanza ambayo kampuni ya Ford iliyachora upya baada ya vita. Ni gari nene, la mviringo, lenye mabega yaliyopanda, na juu yake paa refu kama kofia ya kuazima. Huko Lynwood, kusini mwa Los Angeles, kulikuwa na gereji ya ndugu wawili, George na Sam Barris. George ndiye aliyejua kuongea, kupiga picha na kuvuta waandishi wa magazeti. Miaka baadaye ndiye aliyeligeuza gari la maonyesho la Lincoln Futura kuwa Batmobile ya televisheni, mwaka 1966. Sam ndiye aliyejua chuma. Alinunua Mercury ya 1949 ikiwa mpya, akaiingiza gereji, akaikata paa. Historia imempa George nafasi kubwa, na George alifariki mwaka 2015 akiwa mtu maarufu. Sam alikwisha kufa tangu 1967. Mimi nikiulizwa, niko upande wa Sam.

Asiyejua hudhani ni kazi ya msumeno. Toa inchi 4 kwenye kila nguzo, shusha paa, chomelea, nenda nyumbani. Jaribu kulichora kwenye karatasi uone. Nguzo za kioo cha mbele zimelala: kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyorudi nyuma. Ukitoa kipande katikati na kulishusha paa wima, vipande vya juu haviangukii juu ya vishina vyao, vinaangukia nyuma yake. Sasa nenda nyuma ya gari. Huko paa linapanda likielekea mbele, kwa hiyo likishushwa, kingo zake zinabaki mbele ya mahali zinapotakiwa kukaa. Mbele paa linaambiwa lisogee mbele, nyuma linaambiwa lirudi nyuma, na paa ni moja. Ama ulikate katikati ulirefushe, ama uzilaze nguzo zaidi, ama uushushe mkia kuliko kichwa.

Jibu linalosifiwa kuliko yote lilitoka gereji ileile mwaka 1952, kwenye Mercury ya 1951 ya kijana aitwaye Bob Hirohata. Paa lilishushwa inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma, hivyo mstari wa juu haukushuka tu, ulianza kutiririka kuelekea kwenye buti. Nguzo za katikati zikaondolewa kabisa, dirisha la mlango na la nyuma yakawa uwazi mmoja. Ubavuni ukawekwa ukanda wa kromu wa Buick, unaoshuka na kupinda kana kwamba Mercury ilizaliwa nao. Gari likapakwa rangi mbili za kijani, nyepesi juu na iliyokoza chini. Nimelitazama kwenye picha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara nashindwa kuonyesha mahali ambapo kiwanda kiliishia na Sam akaanzia.

Kila mkato unazaa mikato. Ukishusha paa, fremu za milango nazo zikatwe, vioo vikatwe, mipira ya vioo itafutwe upya, na kioo cha nyuma kilazwe hadi kipate pa kukaa. Halafu ndio uanze kuchomelea, na hapo ndipo chuma chembamba cha bodi kinapoonyesha tabia yake. Kikipata moto kinavimba, kikipoa kinajikunja kuliko kilivyokuwa, na paa lililokuwa nyororo linabonyea likitoa mlio kama kifuniko cha debe. Fundi anayejua hachomelei mstari mzima. Anashikiza nukta moja hapa, anahamia upande wa pili wa gari, anashikiza nyingine, anarudi. Katikati ya nukta anagonga kwa nyundo huku mkono wa pili umeshika kifuawe, kipande cha chuma cha kupokelea pigo, kwa ndani, ili chuma kinachotaka kujikunja kilazimike kunyooka kingali moto. Siku nzima inaweza kupita kwenye mshono wenye urefu wa mkono wako.

Kona ile niliyoikamata mimi ni mahali ambapo kifuawe hakiingii. Chuma kimekutana tabaka juu ya tabaka, mkono hauna njia kwa ndani. Hata viwandani, enzi hizo, maungio ya paa na ubavu yalizibwa kwa risasi. Ndiyo maana risasi iko pale.

Mzee aliniambia gereji yake ilipo na kwamba Jumamosi inayofuata atakuwa anafunga kona kama hiyo kwenye gari la mteja. Nilikwenda saa moja asubuhi na kumkuta ameshaanza.

Kwanza chuma kinasafishwa hadi kiwe cheupe, kisha kinatiwa bati, kama mama zetu walivyokuwa wakipeleka sufuria za shaba kwa fundi kutiwa bati. Anapaka dawa ya kijivu, anapitisha moto wa gesi, na dawa ikichemka anaifuta kwa kitambaa cha pamba: chini yake chuma kimebaki na ngozi ing'aayo kama kioo cha mfukoni. Bila ngozi hiyo risasi haikamati. Itakaa mwaka mmoja, miwili, halafu rangi ianze kutoa malengelenge.

Vipande vyake vya risasi ni vijiti virefu vya rangi ya kijivu, mchanganyiko wa sehemu 3 za bati na 7 za risasi. Vipimo hivyo vina siri yake. Mchanganyiko huo huanza kulainika kwenye nyuzi 183 za selsiasi lakini hauwi maji kamili hadi karibu 255. Kati ya namba hizo mbili si kigumu wala si kimiminiko: ni kitu kilichopita uji na hakijafika ugali. Kazi yote inafanyika ndani ya dirisha hilo. Moto ukizidi, risasi inaporomoka na kudondoka sakafuni, tap, kama matone ya zebaki. Ukipungua, inakatika vipande kama jibini kavu. Na kona haiko mezani. Imesimama wima, mahali pengine imegeuka chini juu.

Mzee alisugua kijiti kwenye chuma kilichopashwa moto, vikabaki vichuguu vichuguu. Kisha akachukua kibao bapa cha mti mgumu, akakichovya kwenye nta ya nyuki isije ikanata, na akaanza kuisukuma risasi. Mkono wa kushoto ulishika moto, ukiusogeza na kuuondoa, kuusogeza na kuuondoa, haukutulia sekunde mbili. Mkono wa kulia ulisukuma kibao. Mikono haikutazamana, kama ya mpiga ngoma. Kila risasi ilipokaribia kushuka, moto ulikuwa umeshaondoka. Kila ilipokaribia kukaza, moto ulikuwa umesharudi. Harufu ya nta ilijaa gereji na kwa muda nikajiona niko msikitini usiku wa zamani, kabla ya umeme, kwenye hadithi za babu.

Risasi ikipoa haipigwi msasa. Inachongwa kwa tupa pana yenye meno yaliyopinda, kwa sababu vumbi la risasi ni sumu na chenga za tupa, zikiwa nzito, huanguka chini zikafagiwa na kufungwa. Mzee alivaa barakoa, akanipa na mimi yangu, na akanikataza kunywa chai yangu humo ndani. Tangu miaka ya 1950 puti ya plastiki ilipoingia madukani, gereji nyingi ziliiacha risasi kwa sababu hizo na kwa sababu puti inafundishika kwa siku moja. Sitawalaumu. Puti nzuri, nyembamba, juu ya chuma kilichonyooshwa vizuri, ni kazi halali kabisa, na fundi wangu wa Gerezani aliitumia maisha yake yote. Aliyekuwa akimkasirisha ni mtu wa kumimina puti kama zege.

Kwenye chumba cha pili vijana wawili walikuwa na Camaro ya 1969, au tuseme mifupa yake. Gari hilo halina chesisi kamili. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na mbele imefungiwa fremu fupi kwa bolti. Walikuwa wamelitundika kwenye chuma kilichopita mbele na nyuma, wanalizungusha tumbo juu. Wamarekani wenyewe hukiita chombo hicho kwa jina la mashine ya kubanika kuku. Mimi niliona mshikaki. Tumbo lilikuwa safi. Gari lililokulia Arizona huunguzwa dashibodi na mipira kwa jua, lakini chuma chake kinabaki. Lile lililokulia Michigan, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huliwa kutoka chini, na aliyewahi kuweka gari karibu na bahari, Kigamboni au Kilindini, hahitaji kuelezwa chumvi inavyokula.

Camaro hiyo haikuwa inarudishwa kuwa ya 1969. Pembeni ilisubiri injini ya LS3 ya lita 6.2, ile iliyoingia kwenye Corvette ya 2008 na nguvu farasi 430, pamoja na breki za diski za kuchukua nafasi ya zile za ngoma, na kitita cha nyaya kama nywele za kusukwa. Kuna watu wanaona hilo ni kufuru. Mimi si mmoja wao. Gari la aina hii, likijengwa vizuri, linakwenda dukani, linasimama kwenye taa nyekundu, halichemki mchana wa Julai. Ninachokichukia ni rimu. Mtu anakesha miaka mitatu akinyoosha bodi ya 1969 halafu anaifunga rimu za inchi 22, gari zima linakuwa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Kijana mmoja alikuwa anashughulika na uwazi kati ya mlango na madigadi, nami nikasimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kiwandani, mwaka 1969, uwazi huo haukumsumbua mtu: juu kidole kinapita, chini kadi ya benki inakwama. Yeye alitaka milimita 4 kutoka juu hadi chini. Palipopungua alipiga tupa. Palipozidi alichomelea waya mwembamba kwenye ukingo wa mlango, nukta kwa nukta, kisha akauchonga hadi waya ukawa mlango. Akafunga. Akapitisha kipimo. Akafungua. Nilihesabu mara kumi na moja, halafu nikaacha kuhesabu. Na kazi hiyo yote ikiisha, mnunuzi hataona kitu. Ataona kivuli chembamba kinachonyooka, ambacho jicho linadhani ndivyo kilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Baada ya hapo ni msasa, na msasa naujua. Unapuliza praima, juu yake unafukiza rangi nyeusi nyepesi kama vumbi, unasugua kwa ubao mrefu. Palipobaki peusi ndipo pana bonde. Unaanza na 180, unapanda 320, unafika 600. Baada ya rangi na vanishi unarudi tena, kwa maji, 1500, 2000, 3000, ukiikwangua kazi iliyokwisha kung'aa ili ing'ae kweli. Siku za Gerezani nilidhani fundi ananikomoa.

Mercury ya zambarau iliuzwa siku ya nne ya mnada. Nilikuwepo. Ilikaa jukwaani dakika chache tu. Mnadi alitaja injini, akataja rangi, akataja viti vilivyoshonwa vifundo vifundo, na watu wakapunga karatasi zao. Kona hakuitaja. Bei ilikuwa nzuri, lakini mzee aliponiambia saa alizoziweka ndani ya gari lile, niligawanya kichwani na nikaona fundi wa kupaka rangi nyumba Phoenix anamzidi kwa saa. Hii si biashara ya kutajirika, isipokuwa kwa wachache. Mercury ya Hirohata ilinunuliwa na kijana mmoja mwaka 1959 kwa dola 500. Akaishi nayo kwa miongo kadhaa, akairudisha hali yake polepole, na Januari 2022, kwenye mnada wa Mecum huko Kissimmee, Florida, ikauzwa kwa dola 2,145,000. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Mchana wa Jumamosi ile mzee alinipa kitambaa chembamba cha pamba na kuniambia nikiweke chini ya kiganja, nikipitishe kwenye kona aliyoifunga. Kitambaa huondoa mnato wa ngozi, mkono ukabaki na umbo peke yake. Nikapitisha. Nikaona ni nyororo kama yai. Akapitisha yeye, macho kafumba, kidevu kakiinua kama anayesikiliza redio ya jirani, na akaweka alama mbili za penseli mahali ambapo mimi sikuhisi kitu. Nikapitisha tena, polepole, nikitumia kiganja kizima badala ya ncha za vidole. Mara ya tatu kikatokea: wimbi, dogo kuliko unene wa karatasi, kati ya alama na alama.

Akanipa tupa. Nilichonga labda dakika ishirini, kwa mshazari, nikigeuza upande kila mara kama nilivyofundishwa zamani, chenga za risasi zikiangukia kwenye gazeti miguuni. Nilipoona imetosha nikasogea pembeni. Nilitoa hata sumaku yangu mfukoni, kwa mzaha, nikaibandika konani. Ikaanguka, twiga akalala chali kwenye gazeti. Mzee hakuitazama. Alichukua kitambaa, akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka paani hadi begani, akarudi nusu ya njia, akasimama hapo.

Kisha akanirudishia tupa.